SOMO LA MWEZI: BAISKELI YA KWANZA YA MTOTO KATIKA BARABARA ZA SHAMBA



Masomo yetu yamezoea kueleza mkataba, likizo, na njia ya kupeleka malalamiko kwa meneja. Mwezi huu tunajifunza jambo linaloanzia mlangoni pa nyumba zetu za kambi: namna ya kumchagulia mtoto chombo chake cha kwanza cha kupita katika barabara mbovu. Kwa wengi wetu chombo hicho ni baiskeli.

Huenda mwenzetu mmoja akauliza: chama kinaingiaje katika baiskeli ya mtoto? Kinaingia kwa sababu tatu. Ya kwanza, fedha inayonunua baiskeli ni jasho la mfanyakazi, nayo si fedha kidogo. Ya pili, barabara anazopita mtoto kwenda shule ni zile zile za matrekta, matrela ya miwa na malori ya majani ya chai. Ya tatu, mzazi mwenye mtoto aliyelazwa hospitali hakai kwenye mashine wala hachumi chai siku hiyo. Ajali ya mtoto ni hasara ya kambi nzima.

Somo hili lisomwe katika mkutano wa tawi. Ajuaye kusoma awasomee wenzake polepole, sehemu moja moja, halafu mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. NENO "ATAKUA NAYO"

Tukinunua nguo ya shule ya mtoto tunanunua kubwa kidogo, tukisema, "Atakua nayo." Kwa shati, hilo ni jambo la busara. Mikono ikiwa mirefu, inakunjwa. Lakini baiskeli haikunjwi.

Mtoto anayepanda baiskeli kubwa kuliko mwili wake hawezi kutua mguu chini anaposimama. Ili asianguke anajizoeza kutosimama. Akiona trekta mbele, anatafuta nafasi ya kupita badala ya kushika breki. Vidole vyake vifupi havifiki vizuri kwenye breki, na hata vikifika havina nguvu ya kuivuta. Kwa hiyo mtoto huyo hana breki, ijapokuwa baiskeli inazo.

Mnawajua watoto wanaopitisha mguu mmoja chini ya chuma cha juu cha fremu, wakaendesha baiskeli ya baba wakiwa wamejipinda upande mmoja. Tunawacheka, na wengine tunawasifu kwa ushujaa. Tuangalie kwa jicho la mfanyakazi. Mwili umeinama kulia, baiskeli imeinama kushoto, macho yanatazama pedali, na mkono mmoja tu ndio unaoshika usukani kwa nguvu. Kama kiwandani tungeona mtu anaendesha mashine akiwa katika hali hiyo, tungezima umeme.

Hivyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: mtoto anunuliwe baiskeli ya mwili alio nao leo. Mwili wa mwaka kesho kutwa una baiskeli yake. Najua mtauliza, "Fedha ya kununua kila mara itatoka wapi?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika sehemu ya 7.

2. PIMA MTOTO, KISHA PIMA BAISKELI

Usimwulize mwenye duka, "Una baiskeli ya mtoto wa miaka kumi?" Watoto wa miaka kumi hawalingani. Mmoja ni mrefu kama mama yake, mwingine bado mdogo. Miaka haipandi baiskeli. Miguu ndiyo inayopanda.

Pima hivi. Mtoto asimame bila viatu, mgongo ukigusa ukuta. Aweke kitabu katikati ya mapaja, akivute juu mpaka kiguse pale anapokaa kwenye kiti cha baiskeli. Tia alama ukutani mahali ulipo mgongo wa kitabu. Kutoka sakafuni mpaka alama ile ndio urefu wa mguu wake. Uandike, au ukate kijiti cha urefu huo uende nacho sokoni. Kijiti hakidanganyi na hakihitaji kusoma.

Sokoni, weka kijiti kando ya baiskeli. Chuma cha juu cha fremu, kile kinachotoka chini ya kiti kwenda kwenye usukani, kiwe chini ya ncha ya kijiti kwa sentimita 5 au zaidi. Nafasi hiyo ni ya lazima katika barabara zetu za mashimo na makorongo, kwa maana mtoto ataruka chini ghafla mara nyingi. Kwa mtoto anayeanza kabisa, kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili zitulie chini. Akishazoea, kiti kinapandishwa kidogo kidogo, vidole vya miguu vikiendelea kugusa ardhi.

Ukubwa wa baiskeli hutajwa kwa inchi za gurudumu. Mtoto mwenye urefu wa mwili wa sentimita 115 mpaka 130 hivi kwa kawaida hufaa gurudumu la inchi 20. Kuanzia 130 mpaka 145 hivi, inchi 24. Akipita 145 anaweza kujaribu inchi 26. Zile baiskeli nzito nyeusi za inchi 28, ambazo zimejaa katika nchi zetu, ni za watu wazima. Hesabu hii ni ya kukuongoza tu. Neno la mwisho ni la kijiti, na la mtoto mwenyewe akiwa amesimama juu ya baiskeli. Kwa hiyo, ukiweza, nenda naye dukani. Habari ya kumletea baiskeli kwa kumshangaza ni tamu, lakini inaweza kuleta baiskeli isiyo yake.

Jambo moja kuhusu fremu. Kuna fremu isiyo na chuma cha juu, ambayo watu huiita baiskeli ya kike. Mnunulieni hata mvulana bila haya. Mtoto anayejifunza hushuka upesi katika baiskeli ya namna hiyo bila kujiumiza. Na ndugu wenye mabinti: binti naye anatembea safari ndefu kwenda shule, mara nyingi akiwa amekwisha kuchota maji kabla jua halijachomoza. Kama katika nyumba baiskeli ni ya wavulana tu, basi tunadai usawa kwa meneja na hatuutoi nyumbani.

3. BREKI KWANZA, RANGI BAADAYE

Mtoto atachagua rangi. Mwache achague, lakini baada ya wewe kuchagua breki.

Jaribu hivi. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke, la mbele lisizunguke. Shika breki ya nyuma, sukuma tena: gurudumu la nyuma liburutwe bila kuzunguka. Kisha mtoto mwenyewe afanye hivyo hivyo kwa mikono yake. Breki inayoshikwa na baba na kumshinda mtoto haina kazi kwake.

Breki za waya zina skrubu ndogo kwenye mkono wa breki. Fundi anaweza kuikaza ili mkono usogee karibu na usukani na vidole vifupi vifike. Breki za vyuma, zile za baiskeli nzito za zamani, ni ngumu kwa mkono wa mtoto, na rimu za chuma zikilowa maji breki hupungua sana. Msimu wa mvua mtoto afundishwe kugusa breki kidogo kidogo kabla ya mteremko ili kufuta maji, wala asingoje mpaka amefika bondeni.

Kuna pia breki ya kurudisha pedali nyuma. Inawafaa watoto wadogo kwa sababu mguu una nguvu kuliko kidole. Lakini ina hatari moja: mnyororo ukitoka, breki imekwenda nao. Baiskeli ya namna hiyo lazima iwe na breki ya mkono mbele pia.

Tufanye hesabu kidogo. Mtoto akienda kilomita 20 kwa saa, katika sekunde moja anapita mita 5 na nusu. Akishuka mteremko kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde moja ni mita 8 na zaidi. Tangu aone hatari mpaka vidole vishike breki, sekunde hiyo moja imekwisha kupita. Katika kona ya shamba la miwa iliyofunika pande zote mbili, mita 8 mara nyingi ni zaidi ya mahali anapoweza kuona. Ndiyo sababu mtoto anayejua kushika breki mapema anarudi nyumbani.

4. UKAGUZI WA BAISKELI ILIYOTUMIKA

Wengi wetu hatununui mpya. Hapana ubaya. Baiskeli iliyotumika na kutunzwa ni bora kuliko mpya iliyofungwa ovyo ovyo. Ila ikaguliwe kama tunavyokagua mashine kabla ya zamu.

Fremu. Tazama mahali vyuma vinapoungana, hasa chini ya usukani na karibu na pedali. Ufa mdogo kama unywele, au rangi iliyokunjamana, ni dalili ya chuma kilichopinda au kinachotaka kukatika. Rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu iulizwe inaficha nini.

Uma wa mbele, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele. Simama pembeni uutazame. Kama umerudi nyuma kuelekea pedali, baiskeli hiyo iligonga kitu. Iache. Uma ukikatika mtoto anaanguka kwa uso.

Usukani. Shika breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa kugonga, gololi zimelegea au zimekwisha. Bana gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kuzungusha usukani: usizunguke peke yake.

Magurudumu. Yainue na kuyazungusha. Yasiyumbe kugusa fremu. Pitisha vidole kwenye spoku, zote zilie kwa mkazo unaokaribiana. Spoku mbili tatu zilizokatika upande mmoja zitavunja nyingine mwezi huu huu.

Tairi. Isiwe na mipasuko pembeni, wala tyubu isichungulie. Barabara ya changarawe na matope inataka tairi pana yenye meno.

Mnyororo na pedali. Mnyororo usiregee hata ukatoka. Uwe na kifuniko, ili sketi au suruali isiingie. Pedali zizunguke, na ziwe na mpira usiomtelezesha mtoto mwenye miguu yenye tope.

Na sasa jambo dogo linaloumiza sana: mipira ya ncha za usukani. Baiskeli nyingi zimepoteza mipira hiyo na kubaki na bomba tupu la chuma. Mtoto akianguka, usukani hugeuka na ncha ile humwingia tumboni. Katika kambi moja ya chai kijana wa miaka tisa aliangukia usukani wa namna hiyo. Hapakuwa na damu, palikuwa na alama ndogo ya duara tu chini ya mbavu. Akapewa chai ya sukari akalala. Usiku alikuwa mweupe mdomoni na tumbo limekaza. Alifika hospitali, wengu ulikuwa umepasuka, na kwa bahati njema akapona. Basi mjue wote: mtoto aliyeangukia usukani kwa tumbo, akilalamika maumivu, akitapika, akipauka au akilegea, apelekwe hospitali mara moja hata kama hana kidonda. Na mipira ya ncha za usukani ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika baiskeli.

5. BARABARA NI YA KAZI

Ukiwa na baiskeli nzuri na mtoto aliyepimwa, bado barabara haijakuwa salama.

Mtoto mdogo hajui kukadiria kasi ya gari linalokuja. Hilo si ujinga, ni umri. Kabla ya miaka kumi hivi asipite peke yake katika barabara ya malori; apite njia za kambi, au aende na mkubwa. Hata mwenye miaka kumi na miwili aonyeshwe njia yake yote kwa miguu kwanza, kona kwa kona, aambiwe wapi atashuka na kukokota baiskeli.

Trela la miwa lina hatari yake, na madereva wetu wanaijua. Trekta likikata kona, trela halifuati njia ya trekta. Linaingia ndani zaidi ya kona. Mtoto aliyesimama ndani ya kona akidhani trekta limekwisha kupita, trela linamkuta. Tena dereva haoni kilicho karibu na gurudumu la nyuma. Mtoto afundishwe hivi: ukiliona trekta na trela, shuka, toka kabisa barabarani, simama upande wa nje wa kona mpaka la mwisho lipite. Asishike trela kwa mkono ili avutwe mlimani. Mchezo huo wengi wamechezea mara ya mwisho.

Jambo jingine ni la nchi zetu jirani. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Katika kambi zetu kuna familia zilizotoka ng'ambo ya mpaka, na watoto huenda kuwasalimu bibi na babu wakati wa likizo. Mtoto aliyezoea upande mmoja atarudi kwenye upande huo akishtuka. Familia ikivuka mpaka, mtoto atembee kwa miguu siku za kwanza, ajifunze kutazama upya.

Kofia ngumu ya baiskeli inapunguza majeraha ya kichwa. Ikipatikana, inunuliwe, nayo ikae sawasawa juu ya paji la uso, na mkanda ufungwe. Kofia ngumu ya kazini ya baba si ya baiskeli: imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, na mtoto akianguka itaruka kabla ya kichwa kufika chini. Viatu vya kufunika vidole ni bora kuliko ndala. Saa za giza asiendeshe. Akichelewa, akokote, akiwa na kitu cheupe mgongoni.

Lakini ndugu, hapa tusimwachie mtoto kazi yote. Barabara za shamba ni za mwajiri, na magari ni ya mwajiri. Halmashauri ya tawi inaweza kuandika barua yenye mambo manne: matrekta yapunguze mwendo yanapopita kambini na shuleni, saa za watoto kwenda na kurudi shule matrela yasipite njia hiyo kama ipo nyingine, miwa au majani ya kona yakatwe ili watu waonane, na kijia cha miguu na baiskeli kilimwe kando ya barabara kubwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine mpya. Madereva nao ni wanachama wetu. Wakaribishwe katika mkutano huo huo, maana wao ndio wanaobeba mzigo moyoni ajali ikitokea.

6. MTOTO SI LORI, WALA SI DEREVA WA MASHINE

Baiskeli katika nchi zetu ni chombo cha kazi. Boda boda yenyewe ilianza na baiskeli, katika mpaka wa Busia, miaka ya 1960, watu wakibebwa kutoka upande huu wa mpaka hadi upande ule. Kwa hiyo haishangazi kwamba baiskeli ikiingia nyumbani, kila mtu anaitafutia kazi.

Tupime kazi hiyo. Dumu la lita 20 za maji lina uzito wa kilo 20. Mtoto wa miaka kumi mara nyingi ana kilo 30 hivi. Madumu mawili ni kilo 40. Basi tumempa mtoto kusukuma mzigo mzito kuliko yeye mwenyewe, katika baiskeli ndogo ambayo breki zake zilitengenezwa kwa mwili wake tu. Katika mteremko, mzigo ndio utakaomwendesha yeye. Kama lazima aende kisimani, achukue dumu dogo, alifunge vizuri kwenye keria, akokote katika mteremko.

Mdogo wake asikae juu ya keria huku miguu inaning'inia. Kisigino cha mtoto huingia katika spoku, na gurudumu linalozunguka hukata nyama na hata mshipa wa kisigino. Anayebeba mtoto mdogo awe mtu mzima, aweke kiti chenye mahali pa kukanyagia, na ubao au wavu wa kufunika spoku.

Na tusikubali baiskeli ya mtoto igeuke tiketi ya ajira. Wapo manyapara wanaosema, "Kijana wako ana baiskeli, aje apeleke ujumbe, aje abebe vifurushi." Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama katika kilimo, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi ya kilimo inayoweza kudhuru usalama na afya ya kijana. Kupita katikati ya matrekta ukiwa umebeba mzigo ni kazi ya hatari. Jibu la mzazi ni fupi: baiskeli hii ni ya shule.

Kuna wazazi wenye nafasi kidogo wanaouliza habari ya pikipiki, au zile pikipiki kubwa za magurudumu manne zinazotumiwa na wasimamizi katika baadhi ya mashamba makubwa. Watoto huzipenda, kwa sababu zinaonekana haziwezi kuanguka. Tujifunze kutoka Marekani, ambako familia za wakulima zilizinunua kwa wingi. Zilianza na magurudumu matatu, zikawapindukia watu, watoto wengi wakafa na kulemaa. Mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali mbele ya mahakama kuacha kuuza zile za magurudumu matatu, na kwamba zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 90 zisiuzwe kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 16. Mwaka 2008 sheria ikapiga marufuku kuuza mpya za magurudumu matatu. Madaktari wa watoto wa huko wanashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asipande hata ile ya magurudumu manne. Sababu ni uzito. Ya mtu mzima mara nyingi hupita kilo 200, na anayeiendesha hulazimika kuhamisha mwili wake ili isipinduke. Mtoto hana uzito wa kuhamisha. Ikimgeukia, inamlalia.

Dereva au msimamizi anayempakia mtoto wa kambi kwenye trekta au kwenye pikipiki hiyo anadhani anampa zawadi. Tumwambie kwa heshima kwamba hatuitaki.

7. JIBU LA FEDHA: KUPOKEZANA

Sasa turudi kwenye swali la haki. Tangu miaka sita mpaka miaka kumi na mitano mtoto hupita katika saizi tatu za baiskeli. Familia moja haiwezi kununua tatu, kwa hiyo inanunua moja kubwa na kusema, "Atakua nayo." Tukimlaumu mzazi bila kumwonyesha njia, tumemwonea.

Njia ipo. Kambi haina mtoto mmoja. Siku mtoto wa jirani anapoacha inchi 20, wako ndiye anayeifikia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Familia kumi au kumi na mbili zinaweza kuunda kikundi cha kupokezana baiskeli, kwa kanuni hizi:

(a) Kila familia ichange kidogo kila mwezi wa mshahara. Kikundi kinunue baiskeli za saizi mbalimbali kwa kufuata vijiti vya watoto waliopo.

(b) Baiskeli ni mali ya kikundi. Kila moja iwe na namba iliyopigwa kwenye fremu, na daftari lionyeshe iko kwa nani na tangu lini.

(c) Mwanzo wa kila muhula wa shule watoto wote wapimwe ukutani. Aliyepita saizi yake arudishe na kupewa nyingine.

(d) Sehemu ya mchango iwekwe kwa fundi, mipira ya breki na tairi. Baiskeli isiyotengenezwa isitoke.

(e) Mtoto aliyevunja kitu akiri bila kuogopa fimbo. Tukimpiga ataficha ufa, na mwenziwe ndiye atakayeangukia ufa huo.

(f) Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila muhula. Tumeona vikundi vizuri vikifa kwa daftari lililofichwa.

Kikundi hicho kinaweza pia kufundisha. Jumamosi jioni, kiwanja cha mpira kikiwa tupu, toeni pedali, shusheni kiti, mtoto ajisukume kwa miguu katika nyasi zenye mteremko mdogo mpaka azoee kujiweza. Kisha rudisheni pedali. Afundishwe mambo manne kabla ya kwenda barabarani: kusimama mahali alipoambiwa kwa kutumia breki zote mbili, kutazama nyuma bila kuyumba, kuonyesha mkono, na kushuka haraka. Asiyeyaweza yote manne abaki kiwanjani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kambi yetu, watoto wangapi wanaendesha baiskeli ambazo hawawezi kutua miguu chini?

2. Ni kona zipi tatu zenye hatari zaidi kati ya kambi na shule? Nani anaweza kuzichora?

3. Madereva wetu wanasemaje? Wanawaona watoto mahali gani wakiwa wamechelewa?

4. Je, mabinti katika familia zetu wanapata baiskeli sawa na wavulana?

5. Kikundi cha kupokezana kingeanza na familia zipi, na nani anaaminika kushika daftari?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LIJALO

Kila mzazi ampime mtoto wake na kukata kijiti. Aitazame baiskeli iliyo nyumbani: breki, uma, spoku, mipira ya ncha za usukani. Katibu wa tawi akusanye habari za kona zenye hatari, na barua kwa meneja iwe tayari kusainiwa katika mkutano ujao.